Maharimu wa Bi Mwamvua

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Kanzu ya nane imekatwa. Bado mbili, na sare tano za akina mama. Pedali ya cherehani inalia, nimeitia mafuta ya kupikia kwa sababu yale yenyewe yameadimika mjini. Mzee Kassim, mpiga dufu wetu mkubwa, ameongezeka tumbo tangu nimpime. Nimeongeza kitambaa bila kumwambia.

Barua ya mwaliko ilikuja mwezi wa sita. Wazee wa Ujiji wanataka wazee wa mtaa wetu, Rwezamenyo, waje kwao Maulidi, mwezi ujao, na madufu yao, wasome kwa ile namna ya zamani ambayo babu zetu walikuja nayo Kigali pamoja na biashara. Wanaume kumi, bibi watano. Mdogo wao ni Hajji Ramadhani, mwenye duka la vitambaa, mwenyekiti wa kamati ya safari. Ana miaka hamsini na saba na tayari anajiita mzee. Mimi ni wa kumi na sita: mpishi, mwandishi, fundi, mbeba dawa. Walipoulizana nani ataandika majina, wote waliniangalia mimi.

Anayenipa moyo ni Bi Mwamvua. Jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja. Alizaliwa Ujiji akaolewa huku akiwa msichana. Mdogo wake, Bi Tatu, bado yuko kule. Hawajaonana miaka thelathini na sita. Ndani ya bahasha ya mwaliko kulikuwa na kikaratasi cha Bi Tatu: jicho moja limekwisha, la pili linafifia, dada aje amwone wakati bado anaona. Bi Mwamvua hajui kusoma. Nimemsomea mara nyingi mpaka nimekishika kwa moyo.

Alhamisi, 6 Agosti

Siku nzima ofisi ya komini. Bila lesepase, hati ya kusafiria, mtu havuki mpaka wa Rusumo. Wazee kumi na watano, benchi moja, wengine wamekaa chini kwenye saruji. Hakuna aliyesimama kuwapisha.

Redio inasema vita na waasi vimesimamishwa. Karani wa leo hana redio hiyo. Alimuuliza Bi Mwamvua tarehe ya kuzaliwa. Bibi akasema alizaliwa siku ya mvua, ndiyo maana ya jina lake. Alikuwa anajibu kwa adabu kabisa. Karani akaona anachezewa. Akasoma kitambulisho, pale penye ubwoko, yaani kabila, akamwangalia uso, akarudi kwenye kitambulisho.

"Mukecuru iko anaenda kufanya nini Tanzania? Iko na mtoto kule porini, kwa wale wenye bunduki?"

Mukecuru kweli, kikongwe wa karibu miaka themanini! Magoti yanamsumbua hata kufika msalani, ataanza kubeba risasi? Nilifungua mdomo. Mzee Kassim akanivuta buibui nikaufunga. Nachukia kunyamaza kwangu kuliko nilivyolichukia lile swali.

Karatasi zitatoka mwisho wa mwezi. Labda.

Ijumaa, 7 Agosti

Mguu umevimba. Sare mbili. Sikutoka.

Jumapili, 9 Agosti

Kikao cha kamati dukani kwa Hajji. Leo Hajji Ramadhani amegundua dini.

Bibi wanne wanasafiri na waume zao au kaka zao. Bi Mwamvua ni mjane. Mtoto wake aliye hai ni mmoja, yuko Bujumbura, anakuja akikumbuka. Basi Hajji akasema mwanamke hasafiri bila maharimu, mume au mwanamume wa damu ambaye hawezi kumwoa kamwe. Sawa. Dini ni dini, sibishani nayo. Kisha akasema asiwe na wasiwasi mtu, maharimu amepatikana: Jumaa.

Jumaa! Mpwa wake, wa miaka ishirini na sita, muuza sabuni na viatu. Nikauliza Jumaa na Bi Mwamvua wanahusiana wapi. Hajji akanijibu:

"Bi Zuhura, hii mambo iko ya dini, hapana ya cherehani."

Wakacheka wote. Mzee Kassim naye akacheka, na kanzu yake niliipanua kwa kitambaa changu. Jina la Jumaa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, la kumi na saba, kiti cha mwisho cha minibasi.

Mimi pia ni mjane. Maharimu wangu hakuna aliyemuulizia. Mpishi si mwanamke, kumbe.

Jumanne, 11 Agosti

Asubuhi furaha. Imamu wetu amesikia habari na kuiambia kamati wazi kwamba Jumaa si maharimu wa Bi Mwamvua hata kidogo. Nikasema afadhali, mtu mmoja ana akili.

Jioni kamati ikanipa orodha mpya niinakili vizuri. Bi Mwamvua ametolewa. Jumaa yumo, "kwa ajili ya kusaidia wazee."

Nimeisoma mara tatu. Mlinzi amebaki, anayelindwa ametolewa! Na Rwezamenyo nzima inajua Jumaa anakwenda kutafuta vitenge Kigoma. Hata yeye hafichi, amekwisha kuchukua oda za wateja. Nimevunja sindano mbili. Nina hasira mpaka meno yananiuma. Bi Mwamvua ameniita kupitia ukutani, ameuliza kama sare yake itakuwa na mfuko. Nimemwambia ndiyo.

Jumatano, 12 Agosti

Nimemwambia. Sikuweza kuendelea kushona mfuko huku najua.

Hakulia. Aliuliza nani kasema hivyo. Nikamwambia Hajji Ramadhani. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na mimi nikampiga mgongo.

"Ramadhani? Huyu nilimunyonyesha mimi. Alikuwa ananiuma."

Nikaweka kitambaa chini. Mwaka ule alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, wa wiki tatu, na maziwa hayakukauka. Akaletewa Ramadhani, mchanga wa jirani. Si siku moja, si mbili. Miezi. Mtoto uliyemnyonyesha hivyo ni mwanao, hawezi kukuoa mpaka siku ya kiyama. Yaani maharimu ambaye kamati inamtafuta ndiye mwenyekiti wa kamati! Kaa hapo ucheke au ulie.

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Alishangaa. Kila akikutana naye njiani anaamkiwa shikamoo mama. Alidhani anajua.

Ijumaa, 14 Agosti

Baada ya sala nimemngoja imamu nje. Alinisikiliza vizuri, jambo ambalo kamati haijawahi kunifanyia. Akasema kama ni kweli basi ni kweli, Hajji ni mwanawe na atasafiri naye bila shaka yoyote. Lakini anataka mashahidi. Wanawake wanne walioona kwa macho. Bi Mwamvua mwenyewe hahesabiwi, maana ndiye anayetaka kiti.

Walioona kwa macho, miaka hamsini na saba iliyopita. Nimezunguka mtaa mzima. Bi Hawa, mmoja wa bibi wa safari, aliona, alikuwa kigori wakati ule. Bi Sikudhani pia. Mama Nuru wa nyuma ya msikiti, ndiyo, anakumbuka hata mkeka waliokalia. Watatu. Wengine wote nimewasalimia makaburini.

Jumapili, 16 Agosti

Nilidhani Hajji akiambiwa ataona haya na mambo yataisha. Mimi ni mjinga.

Bi Mwamvua alikuja mwenyewe kikaoni, kwa magoti yale, akakaa kwenye robota la kitenge karibu na mlango. Imamu alieleza kwa upole. Hajji akawa mwekundu. Akasema mama yake alikuwa mtoto wa tajiri, nyumba yake ilikuwa na kila kitu.

"Mimi hapana kunyonya kwa muuza maandazi."

Alisema hivyo mbele yake. Bi Mwamvua alisimama, akajifunga upya kanga, akatoka taratibu. Maandazi hayohayo Hajji ameyala kila Ramadhani tangu ana meno. Simpendi mtu huyu. Leo naandika wazi: simpendi.

Njiani Bi Mwamvua amesema neno moja tu, kwamba mama yake Ramadhani alikuwa na mdogo wake, Salima, labda bado yu hai.

Jumanne, 18 Agosti

Ndera. Yu hai!

Nimefunga cherehani saa moja asubuhi nikapanda taksi, yaani minibasi ya abiria. Konda aliposikia Ndera akapunguza sauti, akaniuliza kama nina mgonjwa wa akili pale hospitali. Nikamwambia bado, ila wakiendelea hivi nitalazwa mimi. Hakucheka. Nilishuka nikatembea kati ya mashamba ya maharage, nikiuliza kila mlango nyumba ya Bi Salima anayekaa kwa binti yake.

Nilimkuta anapukuchua maharage uani. Umri wa Bi Mwamvua, lakini anatembea kunishinda. Sikumaliza hata kutaja jina la Bi Mwamvua akaanza kusimulia.

"Mimi ndiye nilimubeba mugongoni. Dada yangu iko na jipu kwa ziwa, mutoto analia nyumba nzima. Mwamvua hakuomba kitu. Hata sukari hakuomba."

Nikamweleza Ramadhani alivyosema kikaoni. Aliacha maharage palepale, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. Binti yake akauliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kumkumbusha mtu.

Tumerudi pamoja. Yuko kwangu. Anaongea bila kupumua, na pilipili yangu anasema haina ukali.

Jumatano, 19 Agosti

Ua wa msikiti, baada ya alasiri. Wanawake wanne kwenye jamvi, imamu mbele yao, kamati nzima imesimama. Hajji kavaa koti.

Bi Hawa akasema aliloliona. Bi Sikudhani akasema. Mama Nuru akasema, na ule mkeka wake. Wa mwisho Bi Salima. Hakumwangalia imamu, alimwangalia mpwa wake muda wote. Akataja nyumba, akataja upande wa kitanda, akasema ilikuwa tangu mfungo mosi mpaka jipu lilipopona, miezi miwili na zaidi, asubuhi na jioni. Kisha akamwambia kwamba marehemu dada yake kila Idi alimpelekea Mwamvua sahani ya kwanza, na kama Ramadhani hakuwahi kujiuliza kwa nini, basi alikuwa mtoto asiyejiuliza.

Hajji aliangalia viatu vyake. Mzee mzima.

Imamu akasema imetosha. Huyu ni mama yako, na maharimu wake ni wewe. Nikapiga vigelegele. Nikakemewa, kwamba pale ni msikitini. Sijutii.

Hakuomba radhi.

Alhamisi, 20 Agosti

Jumaa amekuja na kikaratasi cha mjomba wake. Kwa kuwa sheria inamhusu kila mtu, na kwa kuwa Bi Zuhura ni mjane asiye na maharimu katika msafara, kamati inamshukuru kwa kazi yake na kumtaka abaki. Bi Hawa atapika. Kiti kitawekwa mizigo.

Mizigo! Nimeandika barua zote za safari hii. Nimewapima viuno wote. Nimekaa komini siku nzima, nimekwenda Ndera. Na kiti changu kinapewa masanduku ya Jumaa. Nilifikiri nitapasuka. Nimekwenda kwa imamu mbio, na imamu, kwa masikitiko, anasema kwa hili Hajji hakukosea. Kaka yangu yuko Goma na hayumo safarini. Basi.

Nikarudi kwa Bi Mwamvua na swali moja. Je, mimi sikuwahi kunyonya kwake? Nilipozaliwa alikuwa ana mtoto ziwani, ingewezekana. Hata mara tano tu. Ningekuwa dada yake Hajji wa kunyonya, na maharimu wangu angekuwa yeye, apende asipende.

Alifikiri kwa dhati. Aliniangalia kama anayetafuta. Mwishowe akatikisa kichwa. Mama yangu alikuwa na maziwa ya kumwaga.

Mama, Mungu akurehemu. Ulikuwa na haja gani ya maziwa mengi hivyo?

Bi Mwamvua akasema njoo basi nikunyonyeshe leo. Tukacheka mpaka Bi Salima akaja kuuliza kuna nini. Halafu mimi nikalia, na yeye akanishika kichwa, na tukakaa hivyo.

Jumatatu, 31 Agosti

Lesepase zimetoka. Jina la Mzee Kassim limekosewa, wamemwandika mwanamke. Nimerudi nalo komini nikapigana tena siku nzima. Limerekebishwa kwa kalamu ya rangi nyingine.

Kanzu zote tayari. Nilifikiria kutozipeleka. Nilifikiria kuacha pini kwenye ukosi wa Hajji. Nilifikiria kwa muda mrefu sana. Sikuiacha.

Jumapili, 6 Septemba

Wameondoka.

Minibasi ilikuwa gereji karibu na kiwanda cha Sonatubes, ilitakiwa saa kumi na mbili, imefika saa mbili kasoro. Wazee wamepigwa na baridi barabarani na madufu yao mapajani. Madufu yakafungwa juu ya paa. Kwenye kiti changu Jumaa aliweka magunia matupu mawili, na sufuria kubwa niliyoisugua mimi.

Bi Mwamvua alivaa sare yake yenye mfuko. Kwenye kipandio magoti yalikataa. Hajji akashuka, akamshika mkono, akamwambia mama, mguu huu kwanza. Alisema mama. Nilimsikia kwa masikio yangu, na bado nilikuwa na hasira naye, na nikatamani kumshukuru. Vyote kwa pamoja.

Nimesimama pale mpaka nikaulizwa kama nangoja gari.

Alhamisi, 10 Septemba

Maulidi. Ya hapa imesomwa na watu wachache bila madufu, na wanawake tumeitikia vibaya. Mvua kidogo. Sina la kuandika.

Jumatatu, 14 Septemba

Minibasi imerudi saa tisa mchana. Kwanza yalishuka maboksi ya Jumaa. Bila shaka. Kisha wazee, mmoja mmoja, wamejaa vumbi na furaha. Wote wanaongea. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Ndani kulikuwa na viti viwili vyenye maboksi, sio kimoja.

Sijui nilipiga kelele gani. Hajji akaja haraka.

"Hapana kufa. Iko mzima. Mama alikataa kurudi."

Amenisimulia palepale barabarani. Bi Tatu alikuwa anaona bado, kidogo. Alimvuta dada yake dirishani penye mwanga, akamshika mashavu, akamwangalia muda mrefu, akasema umezeeka. Watu wote wakacheka. Siku ya kurudi Bi Mwamvua alikaa kizingitini akasema hapandi gari. Nyumba ile imebaki na jicho nusu, yeye ana mawili, atakaa. Hajji alimbembeleza nusu siku nzima, na dereva anapiga honi. Alimpigia magoti. Akaambiwa aende akawaangalie watu wa Rwezamenyo.

Wakati anasimulia machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Ningemwona mwezi uliopita ningefurahi.

Nimeingia ndani nikatafuta wa kumkasirikia. Hajji? Amelia mbele ya watu. Bi Tatu? Ana haki ya dada yake. Mwezi mzima nimegombania Bi Mwamvua apate kiti cha kwenda. Cha kurudi sikuwahi kukifikiria. Chumba chake ameagiza apewe mtu mwenye watoto. Mimi hakuniagizia kitu, ila salamu, na kwamba mfuko umemfaa.

Jumanne, 15 Septemba

Hajji Ramadhani amekuja asubuhi kabla hajafungua duka. Amekaa kwenye benchi la wateja. Nilikuwa na gauni la harusi mkononi, nikaendelea kushona. Nimempa chai. Hakuzungumzia safari, wala kiti changu, wala mimi sikuvitaja. Amekuwa na mama kwa wiki tatu tu.

Alipomaliza kikombe aliniuliza Bi Mwamvua alikuwa anapenda kula nini asubuhi. Nikasimamisha cherehani nikamwambia.